Kitanzi, Kijiti, Majira: Maneno Niliyochagua Kuishi Nayo

Ukiyasoma majina ya njia za uzazi wa mpango kwa macho ya msomaji wa fasihi, utashtuka kidogo. Kuna kitanzi, neno lile lile tunalolitumia kwa kamba ya mtu aliyejinyonga. Kuna kijiti, ambacho wanariadha hupokezana uwanjani. Kuna vidonge vya majira, jina zuri kuliko yote, utadhani mwili ni shamba na mwenye shamba anajua lini mvua itanyesha. Kuna kufunga kizazi, na hapo Kiswahili kinatutega kabisa: kizazi ni mfuko wa uzazi, lakini kizazi pia ni watu wa zama moja, watoto wetu na watoto wao. Anayeambiwa "nenda ukafunge kizazi" anayasikia yote mawili kwa mpigo. Na juu ya hayo yote kuna "uzazi wa mpango" wenyewe, maneno ya ofisini, yenye harufu ya wino na mhuri.

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba maneno yana uzito. Kwa hiyo mwaka 2018, ilipofika zamu yangu ya kuchagua, nisingeweza kujifanya sisikii majina haya yanasema nini. Mwanamke akikwambia "mimi kitanzi hapana, jamani," mara nyingi hajasoma lolote kuhusu madini ya shaba wala mji wa mimba. Amelisikia neno tu, na neno likamaliza kazi.

Nilikuwa na sababu ya haraka. Mtoto wangu wa pili alizaliwa Februari mwaka huo, wiki ya 35, kwa upasuaji, baada ya presha yangu kupanda hadi 170 kwa 110 na mkojo kuonyesha protini. Wanawake wanaojua, wanajua: hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Kabla sijatoka wodini daktari aliniambia mambo mawili. La kwanza, nikae angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. La pili, presha ifuatiliwe, kwa sababu si lazima ishuke yenyewe. Na kweli haikushuka. Miezi sita baadaye ilikuwa bado inacheza kwenye 150 kwa 95, na nilikuwa nimeanzishiwa dawa.

Siku zangu zilirudi mwezi wa tano. Tulikuwa tunatumia kondomu, mimi na baba watoto, na kila hedhi ilipochelewa siku mbili nilikuwa nasimama dirishani usiku nahesabu. Nilikuwa nahesabu umri wa watoto, kama ningewaacha. Wa kwanza alikuwa na miaka minne.

Basi ndiyo nikaanza kuuliza watu. Nilianzia kwa bibi yangu, mzaa mama, yuko Kondoa, wakati ule akiwa amepita miaka themanini.

Bibi alicheka. "Sisi hatukuwa tunapanga, mjukuu wangu. Tulikuwa tunalea."

Kulea, kwa maana yake, kulikuwa na sheria. Mtoto akiwa ananyonya, mume hakaribii. Akikaribia, mtoto atabemendwa. Wasomaji wa nje ya Tanzania huenda neno hili hawalijui: mtoto aliyebemendwa ni yule anayedhoofika, anaharisha, anachelewa kutembea, na watu wanasema ni kwa sababu wazazi hawakuvumilia. Kwa kweli wanasema ni kwa sababu *mama* hakuvumilia. Baba katika habari hii hana kosa. Bibi aliniambia pia kuhusu uzi wa kiunoni wenye vijiti vya mti, ambao mwanamke aliuvaa asipotaka kushika mimba na kuuvua alipotaka.

Nimelifikiria sana neno kubemenda. Ndani yake kuna uchunguzi wa kweli. Mtoto anayeachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine, huyo kweli yuko hatarini, na ndiyo maana leo kliniki zinasisitiza kupishanisha uzazi. Na kunyonyesha kwenyewe ni njia: mtoto akiwa na chini ya miezi sita, akinyonya maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na mama hajaanza kuona siku zake, kinga yake ni kama asilimia 98. Masharti ni hayo matatu, likivunjika moja kinga imekwisha. Bibi alikuwa anayajua mambo haya bila hesabu. Ila alipewa hofu na lawama badala ya maelezo, na lawama yote ikapachikwa upande mmoja.

Kisha nikamuuliza mama.

Mama alizaa saba, wa kwanza 1979, wa mwisho 1996. Tumekulia Dodoma mjini. Nilipomuuliza ni lini yeye na baba walizungumza kwa mara ya kwanza habari za kupanga uzazi, alijibu bila kufikiri: "Wakati wa Mkwaju."

Wa umri wangu mtakumbuka. *Twende na Wakati*, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Julai 1993. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, ana wanawake njia nzima, na Tunu ndiye mkewe aliyebaki nyumbani na watoto. Mkwaju anaishia kupata UKIMWI. Tunu anachoka, anaamua kujitegemea. Nchi nzima ilikuwa inamjadili Mkwaju kama jirani.

Nasema nchi nzima, lakini sisi wa Dodoma hatukuwemo. Hili nililijua ukubwani. Watafiti waliotaka kupima kama mchezo unabadilisha watu walihitaji eneo la kulinganisha, mahali ambapo mchezo hausikiki. Eneo hilo lilikuwa letu. Kuanzia 1993 hadi 1995 kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine saa ile, wakati mikoa mingine inamsikiliza Mkwaju. Mwaka 1995 ndipo tukafunguliwa. Mdogo wangu wa sita alizaliwa 1994, katikati ya ukimya ule.

Sisemi kwamba redio ingemzuia asizaliwe. Simwazii hivyo ndugu yangu, na isitoshe maisha ya mama yalikuwa na mengi zaidi ya redio. Kinachonikaa kichwani ni kile watafiti walichokikuta: mahali mchezo uliposikika, wanandoa walizidi kuzungumza wao kwa wao kuhusu uzazi. Mama alinieleza hilo vizuri kuliko ripoti yoyote. "Baba yako ukimwambia mambo ya uzazi wetu, anachukua baraghashia anatoka. Lakini ukimwambia Tunu kakosea, anakaa. Tunabishana habari za Tunu mpaka usiku. Na wote wawili tunajua hatumsemi Tunu."

Huwa nasikia watu wakiuliza hadithi zina faida gani. Nyumbani kwetu zilimpa mama mtu wa tatu wa kumsema, ili apate kujisema mwenyewe. Baada ya mtoto wa saba alianza sindano, na baba alijua.

Sasa mimi sikuwa na Tunu. Nilikuwa na simu, na kwenye simu kila mtu ni daktari. Kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo. Kijiti kinatembea mwilini kinaishia shingoni. Sindano inakausha kizazi. Vidonge vinajikusanya tumboni vinakuwa jiwe. Nikaona nitafute watu wenye koti jeupe.

Kituo cha kwanza nilichokwenda sitakitaja. Tulikuwa wanawake kumi na moja kwenye benchi, na muuguzi mmoja mwenye bango kitita, anafunua ukurasa mmoja mmoja, anasoma kwa sauti ya kutangaza mnada. Ukurasa wa kufunga mirija ya mwanaume aliugeuza haraka kuliko yote, na wanawake wote tukacheka, na kicheko chetu kikawa ndiyo maelezo. Alipofika kwangu aliuliza: "Wewe unataka ipi?" Nikasema nafikiria kitanzi. "Mumeo yuko wapi? Njoo naye." Nikaondoka na paketi tatu za vidonge vya majira. Hakuna aliyenifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

Nyumbani nilisoma karatasi iliyokuwa ndani ya paketi, maandishi madogo kama ya mkataba wa benki. Vilikuwa vidonge vya aina mbili za homoni, na kimojawapo kati ya vichocheo hivyo ni estrojeni. Wenye presha ya juu walikuwa wametajwa kati ya wasiotakiwa kuvitumia. Nikavirudisha kwenye mfuko wa karatasi.

Kituo cha pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Kitu cha kwanza alipima presha. Cha pili alivuta droo akatoa gurudumu la karatasi ngumu, duara mbili zimepachikwa pamoja, ya juu inazunguka. Ni kifaa cha Shirika la Afya Duniani. Unazungusha mpaka kwenye hali ya mteja, halafu kwenye kidirisha unasoma namba ya kila njia, kuanzia 1 hadi 4.

"Moja, tumia," alisema. "Mbili, tumia, faida inazidi hatari. Tatu, usitumie labda kama hakuna kingine. Nne, usiguse kabisa, mwanangu."

Akazungusha mpaka kwenye presha yangu. Vidonge vile nilivyopewa: tatu. Sindano ya miezi mitatu: mbili. Kijiti: moja. Kitanzi cha shaba: moja.

Nilitamani kulia. Kwa mara ya kwanza swali halikuwa "ipi nzuri." Lilikuwa "ipi nzuri kwa mwili huu uliokaa kwenye kiti hiki."

Kisha akanipa namba nyingine, na hizi naomba uzisome polepole. Chukua wanawake mia wanaojamiiana mwaka mzima bila kinga yoyote: kama 85 watashika mimba. Wakitegemea mume kumwaga nje: kama 20. Kondomu ya kiume: 13. Vidonge: 7. Sindano: 4. Kitanzi na kijiti: chini ya mmoja.

"Mbona vidonge saba?" nikamuuliza. "Si wanasema ni vya uhakika?"

"Vikimezwa kila siku bila kukosa, hata mmoja hafiki. Hizi ni namba za watu wanaoishi."

Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku ile. Tofauti kati ya chini ya mmoja na saba haimo ndani ya kidonge. Imo kwenye msiba wa ghafla ulioondoka nao usiku bila mkoba, kwenye duka la dawa lililoishiwa, kwenye mtoto aliyeumwa wiki nzima ukasahau hata kula. Kondomu nayo ni hivyo hivyo: ikitumika sawasawa kila mara, wanawake kama wawili, kwa maisha yalivyo, 13. Kijiti na kitanzi havina pengo hilo kubwa kwa sababu havikuombi ukumbuke kitu kila siku. Mwenye kumbukumbu nzuri na ratiba ya saa anaweza kuishi na vidonge miaka na miaka. Mimi nina madarasa matano, watoto wawili na dawa ya presha ambayo tayari huwa naisahau.

Kwa hiyo zikabaki mbili. Kijiti kinawekwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani, cha aina moja hudumu miaka mitatu, cha aina nyingine mitano. Kinatoa homoni moja polepole. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Ni plastiki yenye umbo la herufi T, imezungushiwa waya wa shaba, na shaba hiyo inaharibu mwendo wa mbegu za kiume zisilifikie yai. Kinaweza kukaa hadi miaka 12. Kupanda moyoni hakiwezi, hakuna njia ya kupita. Kinaweza kutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo, na kwa nadra sana kinaweza kutoboa mji wa mimba wakati wa kuwekwa. Haya alinieleza bila kuficha na bila kunitisha.

Halafu akauliza swali ambalo bango kitita halikuwa nalo. "Wewe Muislamu, sivyo? Damu isiyo na ratiba utaiweza?"

Wanaume wanaosoma hapa wavumilie kidogo. Kijiti mara nyingi kinavuruga siku za mwezi. Wengine hedhi inakata kabisa, wengine inakuja matone matone wiki tatu, inakauka siku nne, inarudi. Kiafya mara nyingi haina madhara. Lakini kwa mwanamke anayeswali, kila tone lina swali. Je, hii ni hedhi, niache swala? Au ni istihadha, damu ya kawaida tu, nitawadhe kwa kila swala na kuendelea? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, hedhi haizidi siku 15, na kati ya hedhi mbili lazima zipite angalau siku 15 za tohara. Ukiwa na matone yasiyo na mwanzo wala mwisho, unakuwa mhasibu wa mwili wako. Na Ramadhani je?

Nawajua wanawake waliotoa kijiti kwa sababu hiyo hiyo, na kwenye kitabu cha kliniki ikaandikwa "maudhi madogo madogo." Kumbe kwao yalikuwa maudhi ya mara tano kwa siku.

Kitanzi cha shaba kina adha nyingine: hedhi inakuja kwa wakati wake, ila nzito zaidi na yenye maumivu zaidi, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Nikajiuliza kwa uwazi kabisa: kati ya damu nyingi inayojulikana lini inakuja na damu kidogo isiyojulikana, ipi naweza kuishi nayo? Hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nachagua adha. Njia isiyo na adha haipo dukani wala kwa mganga. Kazi ni kujua ipi utaibeba bila kuitupa njiani.

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba watoto yote, namba na gurudumu. Alisikiliza kimya. Kisha akasema, "Na mimi je? Hakuna ya kwangu?"

Nikamwambia zipo mbili. Moja tunayo kwenye droo. Nyingine ni ule ukurasa unaogeuzwa haraka: kufunga mirija ya mbegu, upasuaji mdogo, na unasubiri miezi mitatu kabla ya kuutegemea. Nguvu za kiume hazipungui. Ila ni ya kudumu.

Alikaa muda mrefu. "Sijawa tayari kusema sitaki tena mtoto," alisema.

"Hata mimi," nikajibu. Na ilikuwa kweli. Nilitaka miaka kadhaa, presha ikae sawa, halafu tuone. Hilo peke yake lilipunguza uzuri wa sindano, kwa sababu uwezo wa kushika mimba huchukua muda kurudi baada ya kuiacha, mara nyingi miezi mingi. Kitanzi kikitolewa, unarudi ulipokuwa mara moja.

Akaniuliza dini inasemaje. Nikamwambia Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alishalijadili katika *Ihya*: mume kumwaga nje aliliona linaruhusiwa, na kati ya sababu alizozikubali ni hofu ya maisha ya mke na ugumu wa kulea watoto wengi. Wanazuoni wengi waliweka sharti la ridhaa ya mke. Karne tisa zilizopita mtu alishaandika kwamba uhai wangu ni sababu ya kutosha. Mume wangu alitabasamu. "Basi tusibishane na Ghazali."

Mama mkwe hakuwa na Ghazali. Alikuwa na redio, na Septemba hiyo hiyo ya 2018 Rais Magufuli, akihutubia mkutano mkoani Simiyu, aliwataka wananchi wasiwasikilize wanaowashauri kupanga uzazi, akasema wanaofanya hivyo ni wavivu wanaoogopa kulisha familia kubwa. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alipiga simu. "Mmesikia lakini?" Muda mfupi baadaye matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye runinga yakasitishwa. Huduma zenyewe hazikufungwa. Ila ukimya ulirudi, na mimi wa Dodoma nikaujua kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba aliyokulia.

Sikumjibu mama mkwe kwa hoja. Nilimwambia, "Mama, unakumbuka siku ile theatre?" Alikumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye benchi la nje, na mtoto wangu mkubwa amelala mapajani mwake, na muuguzi akatoka kuuliza nani ndugu wa mgonjwa. Alinyamaza, kisha akasema, "Haya. Lakini usimwambie mtu kama mimi nimekubali."

Nilirudi kituo kile cha pili mwezi Oktoba. Nikamuuliza yule mama kama nije na sahihi ya mume. "Sahihi inayotakiwa ni yako," alisema. Kuwekwa kulichukua dakika kama kumi. Kifaa cha chuma baridi, fimbo nyembamba yenye alama za kupimia kina, "kohoa, mwanangu," mkazo mmoja mkali kama uchungu wa saa ya kwanza, basi. Alinionyesha jinsi ya kujikagua nyuzi mbili baada ya kila hedhi. Akanikumbusha kwamba kitanzi hakizuii UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Kwa hayo ni kondomu tu. Akaandika tarehe kwenye kadi, na mwaka wa kukitoa: 2030.

Adha ilikuja kama ilivyoahidiwa. Hedhi ya siku tano ikawa ya siku nane. Mwezi wa pili nilitoka darasani katikati ya somo la ngeli nikiwa nimejifunga sweta kiunoni. Nilipima wingi wa damu, ilikuwa 11, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikala mlenda na mchicha mpaka watoto wakagoma. Mwezi wa sita ikapungua, ikatulia kwenye siku sita. Haijawahi kurudi kuwa kama zamani, na sijawahi kutaka kukitoa. Dirishani usiku sisimami tena.

Siku hizi wadogo zangu na binti za ndugu wananiandikia, wanauliza ipi nzuri. Siwatajii yangu. Nawauliza mimi. Presha yako umepima? Unanyonyesha? Unameza dawa gani, maana rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti. Unapata kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni? Unataka mtoto lini, au hutaki tena? Damu ya namna gani utaiweza? Na nyumbani, nani anafungua mkoba wako?

Swali la mwisho nilifundishwa na binti wa shangazi yangu. Tulizungumza jikoni kwangu, anamenya vitunguu, nami nikampigia debe kitanzi kidogo, sikuweza kujizuia. Akatikisa kichwa. Mumewe angezigundua nyuzi. Kijiti angekipapasa mkononi. Vidonge angevikuta.

"Sindano," alisema. "Nikitoka pale, hakuna kitu cha kuonekana."

Ni njia ambayo mimi niliikataa kwa sababu zangu zote nzuri. Nikamuuliza tarehe ya kurudi ni lini. Alikuwa anaijua kwa moyo, hajaiandika popote. Nikaiandika mimi, kwenye kalenda ya jikoni kwangu, bila jina, alama tu ya kalamu kila baada ya miezi mitatu, na siku ikikaribia nampigia kumuuliza kama atakuja kunisaidia kutwanga kisamvu.